Kambare Wenye Mayai

Jumapili, 10 Machi

Nimefika Baray, karibu na Ziwa Eyasi, jana, miguu imevimba. Daftari hili nimelipata kwenye duka la kona. Naandika kwa sababu hapa hakuna wa kuongea naye Kimaasai, na kwa sababu kuna jambo siwezi kumwambia mtu wa kwetu hata mmoja: mimi Kasaine, mzaliwa wa Kakesio, nimekuja kuvua samaki.

Haya, nimeshaliandika. Engai, Mungu wetu, anisamehe.

Kwetu samaki haliwi. Wazee wanasema ni ndugu yake nyoka, na mtu akishamshika harufu haimtoki hadi kaburini. Lakini ukame ulimaliza ng'ombe wangu wengi, homa ikamaliza waliobaki, na wa mwisho alikufa Januari akiwa ameegemea ukuta wa nyumba. Wiki ile ile baba mkwe, mzee Lesiamon, akaja kumchukua mke wangu Nareyu mbele ya majirani, na mimba yake kubwa. Akaniambia, "Binti yangu hazai kwenye nyumba isiyo na maziwa. Njoo na ng'ombe anayekamuliwa kabla mtoto hajanyolewa. Usipokuja, nitamnyoa mimi, jina nitampa mimi, na mama yake atabaki kwangu." Hata sauti hakupandisha. Afadhali angenipiga fimbo.

Nimewaaga kwamba nakwenda kuchunga mifugo ya tajiri mmoja huku. Uongo wa kwanza.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwona ng'ombe. Ni wa Josephati, Mwiraqw anayelima vitunguu na kuendesha pikapu. Mwekundu, tumbo jeupe, ana ndama wa miezi miwili na kiwele cha kutosha nyumba nzima. Nimezunguka mara tatu nikimtazama, Josephati akacheka: "Unamchumbia?"

Makubaliano ni haya: nijaze pikapu yake kambare wakavu, hadi turubai lifungwe kwa shida, ng'ombe na ndama ni wangu. Kambare yeye atawapeleka mnadani Karatu, huko ana watu wake. Tumepeana mikono mbele ya mkewe.

Nitafanya kazi na Mama Stumai. Hana mtoto anayeitwa Stumai, ni jina lake mwenyewe, watu wamezoea kumwita hivyo. Ni mjane wa Singida, kila masika anakuja hapa na migono yake, ile mitego ya fito iliyosukwa kama vikapu virefu. Mimi naingia majini, yeye anabanika kwenye chanja. Tunagawana nusu kwa nusu. Leo ameanza kufunga Ramadhani, na maneno hayajapungua hata kidogo. "Morani, unajua kuogelea?" Nikasema hapana. "Unakula samaki?" Nikasema hapana. "Basi Mungu amenipa mvuvi!"

Ijumaa, 15 Machi

Mto umejaa. Jana ulikuwa mchanga mtupu, watoto wakicheza mpira. Leo alfajiri tumesikia mngurumo kutoka milimani, kisha maji ya kahawia yakaja na magogo na mzoga wa mbuzi. Mama Stumai alipiga kigelegele. Anasema kambare wa Ziwa Eyasi wakisikia harufu ya maji haya wanapanda juu kwenye majani, na wiki mbili hizi za mwanzo ndizo uvuvi wenyewe. Baadaye ni kuokota mabaki.

Tumetega migono kumi na minne kwenye kijito cha pembeni.

Jumamosi, 16 Machi

Nimeshika samaki kwa mara ya kwanza. Ana masharubu, ngozi ya utelezi, na analia! Hakuna aliyeniambia kwamba kambare analia. Nimetapika kwenye majani, Mama Stumai hakuniona.

Jumatatu, 18 Machi

Nitaandika jambo hili polepole.

Naamka kabla ya mwanga kwenda kuinua migono, peke yangu, maana Mama Stumai anakuwa kwenye daku na sala. Jana kambare mmoja alinifia mkononi na tumbo lake likapasuka. Ndani mayai, mabichi, ya kijani, mengi kuliko ulezi kwenye debe. Nikachunguza wengine. Karibu wote wakubwa ni majike, matumbo yamejaa.

Mchungaji hachinji mwenye mimba. Hilo nilifundishwa kabla sijajua kuhesabu vidole. Hata njaa ikiwa kali namna gani, unamwacha azae. Na mimi nina mke anayesubiri siku yake huko kwa baba yake. Nitapasuaje matumbo ya kina mama wa watu, halafu nimwombe Engai amfungue wangu salama?

Nimewarudisha majini. Wote wenye mayai. Nimebaki na madume na wadogo.

Mama Stumai alipoona kapu akasema, "Ni hawa tu?"

Nikasema ni hawa tu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Nimeachia arobaini na kitu. Chanja ina nafasi ya kulala mtu.

Jumatatu, 25 Machi

Nimefanya ubaya leo, tena kwa kunyamaza tu.

Mama Stumai amefikia uamuzi kwamba tunaibiwa. Amevua huku miaka kumi na moja, anajua mgono uliotegwa vizuri kwenye maji ya kwanza unatoa nini. Akaenda kwa Modest, mvuvi wa Dodoma aliyepiga kambi jirani, akasimama mbele ya chanja yake iliyojaa hadi inapinda. "Hawa ni wangu," akamwambia. "Unainua migono yangu usiku, mwizi wewe, na mwezi mtukufu huu!"

Modest ni mtu mpole, huimba nyimbo za kanisani akipasua samaki. Alisimama, kisu mkononi. "Mama, naapa kwa watoto wangu." Kisha akanigeukia mimi. "Kaka, wewe ndiye unayeinua. Umewahi kuniona?"

Watu walikuwa wamejaa. Nilitazama chini nikasema, "Sijui. Ni giza."

Ningesema tu, sijakuona! Neno moja. Lakini ningeulizwa, basi samaki wanakwenda wapi?

Jumatano, 27 Machi

Modest amehama. Ameshuka chini, karibu na ziwa, akatega kwenye mlango mwembamba ambapo kila kambare anayepanda lazima apite. Sasa anavua kabla yetu. Amesema waziwazi: "Nimeitwa mwizi bure, acha niwe mwizi kweli." Siwezi kumlaumu.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Kapu: kambare saba.

Jumanne, 2 Aprili

Sita. Na mvua imelowesha waliokwisha kukauka, wengine wameota ukungu. Mama Stumai anawapangusa mmoja mmoja kwa kanga yake ya kuswalia. Sijamwona amechoka hivi. Anafunga, anapuliza moto siku nzima bila tone la maji, kwa ajili ya chanja niliyoiacha tupu mimi.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa amekaa kando ya moto, saa kumi jioni, midomo mikavu. Nikasema, "Mama, Modest hajaiba. Ni mimi. Nimekuwa nikiwaachia wenye mayai."

Akafikiri namtania. Nikamweleza yote: mchungaji, mwenye mimba, Nareyu. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Kasaine, unajua kwa nini kambare anapanda mto?"

"Anafuata maji mapya."

"Anafuata pa kutagia! Wote wana mayai, mtoto wewe! Ndiyo sababu wanakuja! Umekaa wiki tatu unavua halafu unawaachia samaki wenyewe, unaniletea waume zao!"

Akaanza kucheka, kicheko kibaya, machozi yanamtoka. Akasema, "Shukuru nimefunga, ningekuwa nimekula ningekupasua kwa mwiko." Kisha akaacha kucheka. "Nimemwita mtu mwizi mbele ya watu. Funga yangu yote umeimwaga chini."

Ng'ombe asiye na akili utamjua kwa jinsi anavyoingia matopeni na kuzama, wenzake wakimwona. Mimi ndiye.

Alikwenda kwa Modest kwa miguu, na swaumu yake, kuomba radhi. Nilimfuata nyuma. Modest alimsikiliza, akampa maji ya kufuturu jua lilipozama, na akasema amemsamehe. Mimi hakunitazama. Migono yake haikutoka pale mlangoni, na haki ni yake.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Mama Stumai amepika pilau ya kambare. Mimi nimekula wali wa juu. Mwezi wa Idd umeandama. Mwezi wa Nareyu kujifungua unakuja.

Jumatano, 17 Aprili

Wiki yote nimeinua na kubakiza kila kitu, wenye mayai na wasio na mayai. Sasa wenye mayai wamekwisha taga. Wanaoshuka ni wembamba, vichwa vikubwa, hakuna nyama. Josephati amepita na pikapu yake, akachungulia rundo langu, akasema hiyo haijafika hata nusu. "Na kuna mtu wa Mang'ola anamtaka ng'ombe wangu." Nikamwambia tulipeana mikono. "Ndiyo, kaka, lakini mkono hauzuii mvua kukatika."

Ijumaa, 19 Aprili

Supeet amekuja! Huyu ni kaka mdogo wa Nareyu, anaendesha pikipiki. Alipiga simu akiwa Mang'ola, nikapata muda wa kujisugua kwa majivu na majani ya leleshwa yenye harufu kali hadi ngozi ikawaka, nikaenda kukutana naye mbali na mto, nimeshika fimbo, eti natoka machungani.

Nareyu amejifungua. Mtoto wa kike, Jumatatu alfajiri. Nilimkumbatia Supeet hadi akalalamika.

Kisha yakaja mengine. Damu ilimtoka nyingi. Hawezi kusimama. Maziwa yake hayatoki vizuri. "Baba anasema, mume alete mafuta ya kondoo." Hiyo ni desturi, mzazi hunywa mafuta ya kondoo ili arudishe nguvu, na mume ndiye anayechinja. Supeet akatazama huku na huku. "Hao kondoo wa tajiri wako wako wapi, shemeji?"

Nikasema wako mbali, nisubiri hapa.

Nikakimbia kambini. Mama Stumai huyeyusha mafuta ya matumbo ya kambare na kuyahifadhi kwenye chupa, anasema yanaponya kifua. Nikamwomba. Akanipa lita nzima bila kuuliza, kisha akauliza. Nilipomwambia akashika kichwa. "Utamlisha mwenzio haramu yenu bila yeye kujua?" Nikasema sina kondoo, mama, sina hata mbuzi, nina nini mimi? Akachukua chupa, akaichemsha tena na vitunguu na magome ya oloisuki niliyokuwa nayo kwenye mkoba, yale makali tunayotia kwenye supu, hadi harufu ikafifia.

Supeet amekwenda nayo. Uongo wa pili kwa watu wa kwetu, na huu unanywewa.

Jumapili, 21 Aprili

Sijalala. Nawaza akitapika. Nawaza wakigundua.

Jumamosi, 27 Aprili

Supeet amepiga simu. Nareyu amekunywa chupa yote, amekaa kitako. Mzee Lesiamon naye alionja kidogo akasema kondoo huyu alikula majani mazuri. Nilicheka hadi nikakohoa, kisha nikaona aibu.

Lakini mtoto ni mdogo, anasema, analia kidogo tu. Na baba ameweka siku: mwezi ukiandama, mtoto atanyolewa. Nimehesabu. Zimebaki siku kumi na mbili.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo nimekula kambare. Kichwa kilikuwa kinazunguka majini, Mama Stumai akaniambia maiti havui. Nikafumba macho. Ni mtamu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Alhamisi, 2 Mei

Mto unakatika. Umebaki madimbwi. Sasa hakuna mgono, tunaingia matopeni hadi kifuani na kupapasa kwenye mashimo kwa mikono. Vidole vyangu vimechanika kwa miba ya mapezi. Nashika, natupa ukingoni, nashika. Nikipata mmoja mkubwa nasema kwa sauti, mguu wa ng'ombe. Mwingine, pembe. Mama Stumai anasema nimeanza kuwa kichaa.

Jumamosi, 4 Mei

Dimbwi la mwisho lilikuwa la matope na korongo watatu wamesimama wakisubiri tutoke. Tumetoka.

Jumapili, 5 Mei

Josephati alikuja na pikapu saa tatu. Tulipakia. Nilipanga kwa ustadi wangu wote, vichwa nje, nikiacha hewa katikati ili ionekane imejaa. Akapanda juu akakanyaga. Rundo lote likashuka.

"Robo bado," akasema.

Nikamwomba. Mimi, morani, nilipiga magoti kwenye mavumbi ya Baray na watu wakiona. Nikamwambia mtoto wangu hana maziwa. Alisikitika, naamini alisikitika, lakini akatikisa kichwa. "Nami nina watoto, kaka. Robo ni robo."

Nikasikia kitu kinaburutwa. Mama Stumai anavuta gunia. Kisha la pili, la tatu. Ni samaki wa nusu yake, aliokuwa amewahifadhi kwa ajili ya safari ya Singida. Akamwaga mwenyewe juu ya pikapu, moja, mbili, tatu, hadi turubai likafungwa kwa shida.

Nikasema, "Mama, hapana."

"Nyamaza. Si kwa ajili yako, wewe umenitia hasara tangu ulipokuja. Nimezaa saba, nimezika watatu. Hali ya huyo msichana naijua." Akajifuta mikono. "Nenda kamchukue ng'ombe kabla huyu Mwiraqw hajabadili mawazo."

Nilimshika miguu. Akanipiga kofi la mgongoni, si la utani.

Jumatatu, 6 Mei

Njiani. Tumepanda nusu ya ukuta wa bonde. Ndama nimembeba mabegani. Ng'ombe anafuata harufu ya mwanawe, hana tabu. Nikifika kesho kutwa, nimewahi.

Jumanne, 7 Mei

Korongo limejaa. Mvua ya kufunga msimu, imenyesha huko juu usiku kucha. Maji ya kiuno, yanakwenda kasi. Nimejaribu mara mbili, ng'ombe amekataa. Nimekaa.

Jumatano, 8 Mei

Bado limejaa. Nimemkamua kidogo ili kiwele kisimwume, nikanywa mwenyewe. Maziwa ya moto. Nimelia juu ya kibuyu.

Jioni nimeuona mwezi. Uzi tu, juu ya miti. Nimeutukana.

Ijumaa, 10 Mei

Nimefika leo mchana. Nitaandika yote, maana sitaki kusahau hata moja.

Supeet alinipokea njiani. Akampokea ndama. Nikamwuliza kama mtoto amenyolewa, akajibu, "Jana asubuhi."

Siku moja. Kama si kuwaachia wale samaki, ningekuwa hapa wiki mbili zilizopita.

Mzee Lesiamon alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Nilimwinamishia kichwa, akaniwekea mkono. Kisha akaniambia ninajua alichosema, naye hasemi mara mbili. Mtoto amenyolewa. Anaitwa Kakenya, kwa kuwa alikuja alfajiri. Mimi nilitaka aitwe Nashilu, jina la marehemu mama yangu. Sikumwambia.

Nikatazama zizini. Nilikuwa sijafika kwake tangu mwaka jana. Kulikuwa na ng'ombe watatu, wamekonda, viwele vimeshikana na tumbo. Hakuna hata mmoja anayekamuliwa. Kumbe! Nareyu alikuwa akinywa chai ya rangi kwa baba yake vile vile kama angekunywa kwangu. Mzee alifuata macho yangu, akageuza uso. Miezi yote hii nimemchukia kwa kunidharau, kumbe alikuwa anaomba maziwa, hakujua kuomba kwa njia nyingine.

Niliingia ndani. Nareyu amenyolewa kichwa, macho makubwa. Alinipa mtoto. Nikasita, mikono yangu imejaa majeraha na ile harufu. Akasema, "Mshike tu. Nilijua tangu funda la kwanza."

"Ulijua nini?"

"Kondoo gani anakaa kwenye maji?" Akatabasamu kidogo. "Nilikunywa. Kulikuwa na nini kingine? Baba sijamwambia, amesifu sana."

Nikamwambia ng'ombe yuko nje, wa kwetu, twende nyumbani. Hata kama jina limekwisha, twende. Kisha akafunua nguo akanionyesha miguu yake, imevimba, na akajaribu kusimama ili nione. Hakufika hata mlangoni. Kutoka hapa hadi kwetu ni siku nzima ya kutembea, na pikipiki haiwezi kumpakia mtu wa hali hiyo kwenye mawe yale.

"Mimi siwezi," akasema. "Na ukimwondoa ng'ombe, huyu atakunywa nini?"

Nilikaa na mtoto mapajani. Uzito wake ni wa kambare mmoja wa wastani. Sitaki kuwaza hivyo, lakini ndivyo mikono yangu inavyopima sasa.

Nilitoka nje nikamwambia mzee, "Ng'ombe ni huyu, na ndama wake. Nimempata kwa kuvua samaki. Sikuwa nachunga. Mimi ni mvuvi." Mama mkwe alikuwa upande wa nyuma ya nyumba, nikasikia anavuta pumzi. Nikaendelea: "Binti yako hawezi kutembea. Ng'ombe abaki. Mtoto anywe."

Nilisubiri ateme mate chini. Nilisubiri aseme ng'ombe wa samaki asiingie zizini kwake. Alimtazama yule mwekundu muda mrefu, akamgusa nundu, kisha akamwita mama mkwe alete kibuyu.

Kakenya amekunywa. Nimemwona kwa macho yangu, kwa kijiko, povu mdomoni. Nareyu amekunywa. Nikamuaga, nikamwambia nitakuja kuwachukua masika yajayo, au akipona, lolote litakalotangulia. Aliitikia huku amegeukia ukuta.

Nilikuwa nimeshapita lango la miiba mzee aliponiita. Hakuita Kasaine. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, humwiti tena kwa jina lake, mnaitana kwa ng'ombe huyo hadi kufa. Aliita, "Pakiteng!"

Sikumpa. Nilimwacha, kwa sababu sikuwa na njia. Lakini mzee ameshasema, tena kwa sauti ya kusikika boma zima, na hivyo ng'ombe si wangu tena. Nimeitwa jina la mtoa ng'ombe siku ambayo sina hata mmoja.

Nimeitika. Kisha nimeteremka peke yangu.